Wifi Yangu Aliyedondosha Hadithi

Wifi yangu Bernadina hajui kuimba, hajui kusuka mkeka, na ndizi zake mpaka leo huiva upande mmoja. Nayasema haya mapema msije mkadhani namsifu kwa kuwa ni mke wa kaka yangu. Kwetu Maruku mtu na wifi yake hawasifiani ovyo. Lakini kuna jambo moja aliloliweza ambalo sijamwona mwingine akiliweza, na kwa jambo hilo kaka yangu Mushumbusi yu hai, ana wajukuu, na bado anakuja kwangu Jumapili kunimalizia sukari.

Nianzie kwenye gazeti. Kabla ya vita magazeti yalifika Bukoba kwa meli kutoka Mwanza, yamechelewa, na yakipanda mpaka Maruku yalikuwa yameshapita mikono mingi. Kaka yangu hakujali habari za serikali wala za mpira. Alikuwa anafuata hadithi ya Zuhura wa Tanga. Kila toleo lilikuwa na kipande kimoja, naye alikikata kwa wembe akakihifadhi chini ya godoro. Kipande cha mwisho alichokipata kilimwacha Zuhura amesimama mbele ya nyumba iliyofungwa, funguo mkononi. Mwenye nyumba hiyo, mchumba wake, Zuhura ameambiwa kwamba amekufa zamani, na sasa anasikia mtu anakohoa ndani.

Hapo vita vikaanza. Ndege za adui zikapita juu ya vichwa vyetu, meli ikapakia askari, na sisi tukakimbilia Muleba. Watu walibeba magodoro, mbuzi na vyungu. Mushumbusi alibeba vipande vya gazeti kifuani akasahau masufuria yote, na Bernadina akapikia kwenye debe la kuazima mpaka tuliporudi. Hilo hajalisamehe. Vita vilipokwisha gazeti lilirudi na hadithi nyingine kabisa. Mwisho wa Zuhura ulikuwa umechapishwa sisi tukiwa mafichoni. Kaka yangu aliulizia kila mahali. Alimuuliza mchungaji, akawauliza wanajeshi waliorudi, na siku moja kwenye harusi alimuuliza bwana harusi mwenyewe eti kwa sababu aliwahi kufanya kazi Tanga. Miaka kumi Zuhura alisimama mlangoni pale, na miaka kumi sisi tulilishwa habari zake.

Mwaka 1988 Mushumbusi akaanza kukohoa. Akakonda, shati likawa linaning'inia.

Asiyekuwapo hawezi kujua wakati ule ulivyokuwa. Mtu akikonda hakuulizwa anaumwa nini. Jina lilikuwa tayari linamsubiri. Tulisema "Juliana", jina la yale mashati ya magendo yaliyokuwa fasheni ugonjwa ulipoingia, kwa sababu kuutaja UKIMWI wenyewe kuliogopesha. Tulizika vijana, tukazika walimu, tukazika waliokuja kuzika. Desturi yetu ni kwamba kijiji kikifiwa, majembe hulala. Hakuna anayelima mpaka siku za msiba ziishe. Ilibidi wazee wakae wazipunguze siku hizo, la sivyo tungekufa njaa kwa kuomboleza. Kwa hiyo kaka yangu alipokonda, kijiji kizima kilimwangalia kwa ile huruma ambayo humfanya mtu atamani kufa haraka awapunguzie kazi.

Nesi wetu wa zahanati, Alistidia, hakukubali. Alimpima makohozi, akamwita yeye na mkewe, nami nikaingia bila kuitwa.

"Hiki ni kifua kikuu, Ta Mushumbusi," alisema. "Kinapona. Sindano kila siku miezi miwili, kisha vidonge mpaka mwaka ugeuke. Lakini ukiacha katikati, kitarudi na hasira, na hapo tusilaumiane."

Mushumbusi alikwenda wiki moja. Wiki ya pili akageukia ukuta.

"Sindano za nini kwa maiti?" alimwambia mkewe. "Alistidia ananifariji tu. Waachie dawa wanaopona."

Tulimbembeleza, tukamgombeza. Mimi nilimtukana, maana ndugu mliyenyonya ziwa moja unaruhusiwa kumtukana. Hakuinuka. Nesi alikuwa peke yake na foleni yake ilifika barabarani, hakuweza kupanda kilima kila siku kumfuata mtu mmoja. Kaka yetu mkubwa, Rutashobya, ana moyo mwema, lakini ana haraka. Yeye alichimba shimo akafukia ndizi ziive kwa ajili ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya matanga, ili msiba usimkute mikono mitupu. Nilipolia, Bernadina hakulia pamoja nami. Alikaa jikoni anamenya ndizi huku midomo yake inacheza. Nikadhani anasali.

Bernadina hakusoma sana, lakini miaka ya kisomo cha watu wazima ndiye aliyetufundishia wazee kusoma, na mwandiko wake ni mzuri kuliko sura yake. Chaki alikuwa nazo bado, ndani ya kopo la maziwa. Sasa, pale njia panda, ukuta kwa ukuta na zahanati, lipo ghala la ushirika, na nje ya ghala ulisimama ubao mweusi wa kutangazia bei ya kahawa. Msimu ukiwa haujafika ubao ulikaa bure. Asubuhi moja Bernadina alimwendea karani wa ghala, Kristofa, akaomba aazimwe ubao. Kristofa alidhani ni matangazo ya kanisa akakubali.

Mchana wake nikaitwa na wapita njia: njoo uone alichoandika wifi yako. Nikakuta watu wamesimama. Juu kabisa, kwa herufi kubwa: ZUHURA WA TANGA. Chini yake kipande cha kutosha kujaza ubao. Zuhura ametia ufunguo, umezunguka, lakini mlango haufunguki. Umekomelewa kwa ndani. Jirani mmoja anamwonea huruma, anamletea kahawa atafune wakati akisubiri. Zuhura anabisha. Kikohozi kinanyamaza. Kisha sauti ya mwanamume inasema, "Aliyekutuma kwangu ni nani?"

Na hapo ubao ukawa umeisha.

Nilikimbia kilimani, nikamkuta kaka yangu amelala vilevile. "Zuhura amezungusha funguo!" nikamwambia.

Aligeuka kutoka ukutani. "Nani kakwambia?"

"Kumeandikwa ubaoni ghalani. Mkeo amepata magazeti ya zamani kwa mtu wa Mwanza." Huo uongo alikuwa amenipa Bernadina nilipomkuta njiani akirudi nyumbani, nami sikuupunguza, nikamsimulia na kipande chote.

Akamgeukia mkewe. "Mama Kokuhirwa, nisomee."

"Magazeti si yangu, nimeahidi kuyatunza," alijibu Bernadina, anapepeta mtama wake. "Hadithi iko ubaoni. Nitaandika kipande kila siku na kufuta cha jana. Miguu unayo."

Kaka yangu alimwita majina ambayo Mlutheri hapaswi kuyajua. Bernadina hakuinua uso. Kesho yake asubuhi kaka yangu alichukua fimbo akateremka, akipumzika kila mgomba, akafika njia panda, na kipande cha jana kilikuwa kimeshafutwa. Alisoma cha siku hiyo. Bernadina alikuwa amesimama kando na chaki mkononi. "Kwa kuwa umeshafika," alisema, "Alistidia yuko mlango wa pili."

Alichomwa sindano.

Ndivyo ilivyokuwa kila siku. Magazetini na redioni husema hadithi inatolewa kwa mfululizo. Ni maneno mazuri, yanafaa kwa watu wenye karatasi. Sisi tulisema *kudondosha*. Paa la nyasi likinyeshewa na mvua halimwagi maji, linadondosha, nawe umeweka chungu chini unasubiri. "Ma Bernadina amedondosha leo?" ndivyo watu walivyosalimiana njiani. Neno likashika. Mchungaji aliyekatisha mahubiri kwa sababu ya mvua tulisema amedondosha. Mama mkwe aliyeleta lawama zake kidogokidogo, yeye naye alidondosha. Lakini maana yake halisi ilibaki pale ubaoni: kumpa mtu kiasi cha kumrudisha kesho. Ukitoa kidogo mno atakasirika, asirudi. Ukitoa kingi atashiba, naye asirudi. Bernadina, ambaye hajui chumvi ya mchuzi inatosha lini, kipimo hiki alikijua.

Na kwa kuwa cha jana hufutwa, aliyechelewa alihitaji mtu wa kumsimulia. Mtu pekee ambaye hakukosa hata siku moja alikuwa mgonjwa wetu. Mwanzoni alisimulia kwa shida, maneno mawili na kikohozi, maneno mawili na kikohozi, watu wakisubiri kwa adabu. Baadaye sentensi nzima ilitoka. Baadaye akaanza kuigiza sauti. Mchuuzi mmoja wa dagaa, Msukuma anayeitwa Mihayo, alikuwa akivuka kutoka kisiwa cha Bumbire, anapita Muleba na kufika kwetu na gunia lake kwenye baiskeli. Yeye alikariri kila kipande alichokikuta na vile alivyosimuliwa na kaka yangu, akavirudisha kisiwani. Akirudi kwetu alileta hoja za wavuvi.

"Mama Mwalimu," alimwambia Bernadina, "Bumbire wamegawanyika. Wavuvi wa dema wanasema avunje mlango. Wa nyavu wanasema amwombe. Nisipowapelekea jibu sitapewa dagaa."

Kaka yangu ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Alisimama mbele ya ubao, mkewe pale pembeni, akamsema mwandishi. "Mwandishi gani huyu? Anamweka mtoto wa watu mlangoni wiki sita! Hana hata huruma ya kumpa kigoda?" Kesho yake Zuhura aliletewa kigoda.

Ndizi za kwanza za Rutashobya ziliiva, mgonjwa yuko njia panda anagomba. Ikabidi zikamuliwe na kunywewa bila msiba. Rutashobya akafukia nyingine.

Mwezi wa pili ulipokuwa unakwisha, dawa zikachelewa kuletwa zahanati. Alistidia aliwaambia Bernadina na mumewe kwamba hospitali moja upande wa Muleba bado wanazo, ila waende upesi, asikatishe. Walidandia lori la ndizi alfajiri pamoja na Mihayo. Mushumbusi akajilaza juu ya mikungu apumzike. Mimi nilikuwa Bilele mjini kwa binti yangu aliyejifungua, na Alistidia naye alikuwa ameshuka mjini kudai dawa, kwa hiyo hapakuwa na wa kuaga wala wa kuulizwa.

Watu wakateremka njia panda, ubao mtupu. Wakasubiri mpaka jua likakaa utosini, mtupu. Wakapanda kwa Mushumbusi, mlango una kufuli. Ndipo mmoja akasema alimwona akipakiwa kwenye lori, amelala chali, mkewe amemshika kichwa.

Majembe yakalala.

Habari zilinifikia Bilele jioni. Sitaki kueleza sana. Niliondoka kesho yake kabla ya chai, nikatembea njia yote ya kwetu nikilia kwa sauti, na watu niliopishana nao hawakuuliza, maana walizoea. Nilifika kwa Rutashobya nikakuta moto wa msiba unawaka uani, wanawake wamefunga vitenge, kwaya inajipanga, na rubisi inachemka kwenye mtumbwi wake wa mbao, maana safari hii kaka yangu mkubwa ndizi zilimkubalia. Nikajitupa chini. Nilikuwa bado chini niliposikia breki za lori barabarani na sauti ninayoijua.

"Rozi! Nani tena amefariki?"

Alikuwa amesimama mlangoni mwa ua na kifurushi cha dawa kwapani. Nyuma yake Bernadina, na Mihayo na gunia lake. Mushumbusi akatazama moto, akatazama kwaya, akamtazama Rutashobya ambaye alikuwa ameshika ndoo.

"Aa," alisema. "Ni mimi."

Nilimrukia nikampiga ngumi za mgongo, kisha nikamkumbatia, kisha nikampiga tena. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, na sidhani kama moyo wangu ungeimudu mara ya pili.

Lakini wazee wakakuna vichwa. Majembe yamelala, je, yatainuliwaje bila maziko? Mmoja alisema mtu arudi shambani tu yaishe. Wengine wakakataa, msiba uliofunguliwa usipofungwa utatafuta mwenyewe wa kumchukua. Ndipo bibi Kokubanza, mkubwa kuliko wote, akasema tufanye kama tunavyomfanyia aliyezama ziwani asipatikane: tuzike mgomba. Ukakatwa mgomba, ukavikwa sanda, tukauteremsha kaburini kwenye kibanja cha migomba. Mushumbusi mwenyewe alitupa udongo kwa mikono miwili, akamwambia yule mgomba, "Nenda salama, ndugu. Umekufa kwa niaba yangu." Mchungaji aliambiwa baadaye, na kwa upole. Rubisi ilinywewa mpaka mtumbwi ukalia, maana pombe iliyokamuliwa hairudi kuwa ndizi. Tangu siku ile hakuna aliyemwita tena maiti, hata yeye mwenyewe.

Sindano ziliisha, vidonge vikafuata. Ungedhani sasa angevichukua mara moja kwa wiki akae nyumbani, lakini hadithi ilikuwa bado inadondoka. Msimu wa kahawa ulifika, Kristofa akataka ubao wake. Alifuta Zuhura akaandika bei. Wakulima wenyewe, walioleta kahawa yao kichwani, ndio waliomwandama: bei gani isiyoweza kukaa pembeni? Tukamaliza msimu na bei ya kahawa kwenye kona ya chini, herufi ndogo, na Zuhura katikati.

Mwaka ukageuka. Alistidia alimpima tena makohozi, akatoka nje ya zahanati badala ya kumwita ndani, akasema mbele za watu, "Safi. Ta Mushumbusi umepona. Sitaki kukuona tena hapa." Kisha akaingia akafunga mlango, na tulimsikia akipenga kamasi.

Siku hiyo Bernadina aliandika kipande cha mwisho. Alijaza ubao mbele akaendelea nyuma. Njia panda ilijaa. Mihayo alikuwa amekuja na wavuvi wawili wa Bumbire waliosema hawamwamini tena kuwaletea mwisho. Kwa kuwa wengi hawakuweza kuuona ubao, mtu akaita, "Ta Mushumbusi, tusomee!"

Alisogea mbele. Akasoma kwa sauti ya kufika barabarani. Zuhura amechoka, ameinuka kwenye kigoda, anaaga. Anasema, ndugu uliye ndani, mimi sikutumwa na mtu, nimekuja kwa kuwa nilisikia unakohoa, na mtu anayekohoa hajafa. Anageuka. Nyuma yake anasikia komeo linaondolewa. Mlango unafunguliwa kutoka ndani, na mwanamume anatoka nje juani kwa miguu yake mwenyewe. Kaka yangu alizunguka nyuma ya ubao bila kukatisha, akasoma mpaka neno la mwisho. Hakukohoa hata mara moja. Sisi tuliokuwa tumehesabu kikohozi chake mwaka mzima tulikuwa tukimsikiliza kifua kuliko hadithi.

Watu walipiga vigelegele. Wavuvi wa Bumbire walishikana mikono na Mihayo. Bernadina alikuwa ameinama akirudisha chaki kwenye kopo, na mumewe akamwendea.

"Mama Kokuhirwa," alisema, "tangu lini watu wa Tanga wakampa mgeni kahawa ya kutafuna kama sisi wa huku?"

Bernadina aliacha chaki.

"Siku ile ya kwanza kabisa jirani alimletea Zuhura kahawa atafune. Rozi alinisimulia nikiwa kitandani. Nilijua palepale."

"Ulijua?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mwaka mzima ulijua ni mimi?"

"Yule wa gazeti nilimsubiri miaka kumi, wala hakujua kama nipo. Huyu alikuwa ananiandikia mimi. Nilisema, mwanamke anayejitungia uongo mrefu namna hii ili mimi nichomwe sindano, nikifa katikati nitakuwa nimemkosea adabu."

Hapo ndipo wifi yangu alipolia. Machozi ya mwaka mzima yalitoka siku moja, mbele ya wakulima wa kahawa na wageni wa Bumbire, wala hakujifunika. Alipomaliza, akajifuta uso kwa kitambaa cha kufutia ubao, akawa mweupe kwa chaki mpaka masikioni.

"Na zile kejeli zote?" alisema. "Mwandishi gani huyu, mwandishi gani huyu?"

"Nilitaka apewe kigoda. Hakupewa?"

Nilijitolea kubeba kopo la chaki, wakakataa. Kaka yangu alilibeba mwenyewe, akamshika mkewe mkono, wakaanza kupanda kilima. Kile kilima alichokuwa akipumzika kila mgomba alikipanda akiwa mbele, anaongea njia nzima.